Matundu ya riveti yanapishana kwenye asembli (vipande vilivyounganishwa kwenye CAD): mnayapangaje?

mchora_bati
Wakuu, salaam. Nina bati la umbo la U, unene mm 2, na mabamba mawili ya mm 1.5 yanayolala juu ya kuta zake. Kila bamba lina matundu 14 ya riveti za pop (zinazofungwa kutoka upande mmoja na kuvimba upande wa pili) za mm 4.8. Kwenye programu ya CAD nimechora matundu ndani ya kila kipande peke yake, kwa hiyo nikisogeza tundu moja lazima nifungue faili zote tatu. Isitoshe, nikianza kuyafunga tundu kwa tundu, likifika la pili au la tatu masharti ya kuunganisha vipande yanakuwa mekundu, yaani programu inayakataa. Nakosea wapi?

egemeo
Huo wekundu unausababisha mwenyewe. Ukishalaza bamba juu ya ukuta, uso kwa uso, linabaki na uhuru wa kuteleza pande mbili na kuzunguka. Funga tundu la kwanza mhimili kwa mhimili: kuteleza kwisha, kumebaki kuzunguka tu. Ukilifunga la pili vilevile unadai mambo mawili kwa mpigo, mzunguko uzuiwe na umbali kati ya matundu ulingane kabisa kwenye vipande vyote. Umbali ukipishana hata kidogo, programu inagoma. La pili lifungie kwenye bapa la rejea (uso wa kufikirika) linalopita katikati ya safu ya matundu ya kipande kingine, basi. Hayo 12 mengine usiyaguse.

kiunzi_kwanza
Hiyo inatibu wekundu, haitibu faili tatu. Tengeneza faili moja ya kiunzi: skechi yenye nukta 14 tu, bila duara hata moja, na kipenyo kiwe kigezo chenye jina, yaani thamani unayoibadilisha mahali pamoja tu. Kila kipande kichukue nukta kutoka huko. Ukisogeza nukta, vipande vyote vinafuata.

Usichukue nukta za bamba kutoka kwenye bati la U na za bati la U kutoka kwenye bamba. Programu itazunguka humo bila kutoka. Mshale uende upande mmoja, kiunzi kwenda kipande.

Kwa riveti ya 4.8 toboa 4.9. Kati ya tundu na tundu usishuke chini ya mara 3 ya kipenyo, yaani mm 14.4, kutoka ukingoni mara 2, mm 9.6. Riveti weka moja, iliyobaki ifuate mpangilio wa matundu yenyewe, na orodha ya vifaa itajihesabu.

mchora_bati
Asante sana. Ila mara ya mwisho kwenye skrini kila kitu kilikaa sawa, karakana ikasema riveti haziingii.

mkunjo90
Angalia kigezo K, namba ambayo programu huitumia kukadiria bati linachukua urefu gani kwenye mkunjo. Bati la mm 2 lenye nusu kipenyo cha ndani cha mm 2, likikunjwa nyuzi 90: K ya 0.44 inakupa urefu wa mkunjo mm 4.52, K ya 0.33 inakupa 4.18. Tofauti ni mm 0.34, na tundu lako lina nafasi ya 0.1 tu! Matundu hukatwa bati likiwa bado bapa, kwa hiyo kosa lote la mkunjo linahamia kwenye ukuta. Waombe karakana kipande cha majaribio, kipime, ndipo uandike K yao.

Kama huwezi kusubiri, matundu ya bamba la nje yawe makubwa kidogo na utumie riveti ya kichwa kipana. Upande wa ndani, riveti inakovimba, ubaki 4.9, la sivyo haishiki. Au upande mmoja toboa matundu ya mwongozo ya 2.5, umalizie kwa drili vipande vikiwa vimebanwa pamoja.

egemeo
Na kabla ya kutuma, riveti ulizochora kwa 4.8 ziendeshee ukaguzi wa mwingiliano, yaani programu ikuonyeshe vipande vinavyoingiana. Ukiwa umezifunga katikati ya tundu la bamba, tundu la ukuta lililokosa kwa zaidi ya mm 0.05 litaonekana hapo hapo. Ila mkunjo usiolingana na wa karakana hautauona.