Sindano za insulini za mama zinazidi kujaa ndani, nizipeleke wapi? (Ujiji, Kigoma)

Mwanaujiji

Habari zenu wakuu. Namuuguza mama yangu mwenye kisukari, tupo Ujiji. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, kwa hiyo kwa mwezi yanabaki mabomba ya sindano kama 60, bado vile visindano vya kutobolea kidole wakati wa kupima sukari. Zahanati ya jirani wameniambia nizitumbukize chooni. Jirani anasema nichome moto pamoja na takataka za uani. Roho inasita kote kuwili: choo chetu ni cha shimo na masika maji yanapanda, na uani watoto wanacheza peku. Naomba utaratibu wa kufuata kuanzia sindano inapotoka mwilini mpaka inapoishia, kwa mtu wa kipato cha kawaida.

Zamu ya Usiku

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Unasita kwa haki. Nianze na chombo, maana chombo kikiwa kibaya hata ukikipeleka hospitali unampelekea mtu mwingine ajali.

Sefti boksi, lile boksi la njano la lita 5, limetengenezwa kwa karatasi ngumu. Ukilipata ni zuri, ila halipatani na unyevu: likikaa kwenye sakafu ya udongo au chini ya bati linalovuja, kitako kinalegea na sindano zinatokeza. Kwa nyumba nyingi za kwetu dumu la plastiki nene linafaa kuliko hilo. Tafuta la sabuni ya maji, la Jiki au la mafuta ya kula. Geuza kitako uangalie pembetatu: namba 2 ndiyo plastiki ngumu unayoitaka. Namba 1 ni ile ya chupa za maji na soda, ukiibonyeza kwa dole gumba inaingia ndani na kulia, na sindano inaitoboa ukiwa umeibeba. Chupa ya kioo usitumie. Kopo la bati la maziwa ya watoto linazuia ncha vizuri sana, udhaifu wake ni mfuniko wa plastiki unaofunguka likianguka. Uzungushie gundi ya nailoni mara kadhaa, kisha toboa katikati tundu la kupitisha bomba tu.

Dumu liwe pembeni ya mama kabla hajachoma, si chumba cha pili. Sindano ikitoka mwilini iingie dumuni papo hapo, ncha ikitangulia, nzima ilivyo. Asiipinde, asiikate kwa mkasi (kipande kinaruka, hukioni kilipoangukia), asichomoe sindano kwenye bomba, wala asirudishie kifuniko. Kurudishia kifuniko kwa mikono miwili kunachoma vidole vingi sana, kwa sababu ncha inakosea tundu au inapenya ubavu wa kifuniko ambacho vidole vimekishika. Akiwa safarini hana dumu, kifuniko kilazwe juu ya meza, akichote kwa sindano kwa mkono mmoja bila kukigusa na mwingine, halafu akikaze kwa kukisukuma mezani. Hiyo ni kwa mgonjwa na sindano yake mwenyewe. Wewe unayemhudumia usimrudishie kabisa.

Visindano vya kidole viingie humo humo. Karatasi za kupimia na pamba haziingii, zitakujazia dumu bure. Ziweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na taka za kawaida.

Likifika robo tatu, acha. Ukipita hapo utaanza kushindilia, na kinachokutana na ncha ni kiganja chako. Sefti boksi la lita 5 linakadiriwa kubeba mabomba 100 hivi ya kawaida, na ya insulini ni membamba zaidi, kwa hiyo kwa sindano mbili kwa siku dumu la ujazo huo litavuka mwezi mmoja na nusu. Liweke juu, mahali mtoto hafiki, lakini si juu sana kiasi cha mama kuning'inia kulifikia.

Bandarini

Wakuu, mbona safari ni ndefu hivyo? Choo cha futi 20, nani atashuka kuokota sindano? Au achome na mafuta ya taa yaishe.

Afya Mazingira

Ndugu Bandarini, nielewe vizuri, maana ushauri huo unatolewa kila mtaa.

Tuanze na moto. Sindano ni chuma kisichoshika kutu, kinayeyuka kwenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi. Moto wa takataka uani haukaribii hapo. Kinachoungua ni bomba la plastiki, yaani ile sehemu inayokusaidia kuiona na kuishika. Inabaki ncha tupu, rangi ya majivu, ndani ya majivu. Halafu majivu yale yanamwagwa bustanini, au yanachotwa kusugulia sufuria. Hata kichomea taka cha hospitali kinachopita nyuzi 800 hakimalizi chuma. Kinaua vijidudu na kupunguza ujazo, na ndiyo maana pembeni yake panajengwa shimo la majivu lenye zege na mfuniko. Na moshi wa plastiki iliyoungua kwa moto mdogo una sumu, anauvuta aliye karibu.

Sasa choo. Shimo hujaa, na likijaa kuna mtu atalitapisha au kuchimba jipya pembeni. Mabomba ya plastiki hayaozi, na mengi yanaelea juu kwa kuwa yana hewa, kwa hiyo anayetapisha anakutana nayo mwanzo kabisa. Ukanda wa Ujiji karibu na ziwa udongo ni wa mchanga, mashimo yanabomoka, na tangu 2020 ziwa Tanganyika lilivyopanda watu wa mialoni (wanakoegesha mitumbwi na kushusha samaki) wameona wenyewe vyoo vikizama. Kilichokuwa futi 20 chini kinaweza kutokea ufukweni, mahali watoto wanaogelea na akina mama wanaanika dagaa.

Hatari yenyewe ni hii. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku 7 au zaidi. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika 30 kati ya 100. Kwa homa ya ini C ni kama 2 kati ya 100, kwa VVU kama 3 kati ya 1,000. Mama yako anaweza asiwe na hata kimoja, lakini aliyechomwa na sindano ya jalalani hajui ni ya nani, ataishi na hofu hiyo mpaka vipimo viishe.

Mama Shani

Naomba kuuliza wataalamu. Kuna watu wanatumia sindano moja siku tatu ili kupunguza taka na gharama. Na wengine wanamimina Jiki ndani ya dumu ili kuua wadudu. Vipi hayo?

Zamu ya Usiku

Dada, bomba la insulini limetengenezwa kwa matumizi ya mara moja. Ncha ni nyembamba mno, inaanza kupinda na kupoteza ule utelezi wake tangu mara ya kwanza. Ukiirudia inauma zaidi, na kuirudia sana kunaendana na vivimbe vya mafuta chini ya ngozi pale anapochoma, hasa asipohamisha sehemu. Insulini ikichomwa kwenye kivimbe hainyonywi sawasawa na sukari inayumba. Halafu kila anayekusudia kuirudia analazimika kuifunika, tunarudi kule kule kwenye ajali. Kumwazima mwingine bomba au kalamu ya kuchomea insulini, hata mwanafamilia, hata kwa sindano mpya juu ya kalamu ile ile, ni marufuku kabisa.

Jiki ya asilimia 3.5 ikichanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 6 inatoa klorini ya asilimia 0.5, na mchanganyiko huo ni wa kufutia damu iliyomwagika mezani au sakafuni. Ndani ya dumu la sindano haukusaidii: hauingii vizuri kwenye tundu jembamba la sindano, hauondoi makali, na unakuachia dumu lenye maji yanayovuja na harufu kali. Dumu libaki kavu.

Mwanaujiji

Nimeelewa upande wa chombo. Sasa likijaa? Nikifika kituo wakinikatalia?

Afya Mazingira

Kwanza lifunge: kofia ikazwe, izungushiwe gundi. Kisha liandike kwa rangi, pande zote mbili, SINDANO ZILIZOTUMIKA, USIFUNGUE, na uchore msalaba mwekundu kwa wasiosoma. Hili kwa Kigoma nalisisitiza kwa sababu dumu la lita 5 hapa ni mali. Likionekana zima litaokotwa, litamwagwa, litasuuzwa na kujazwa mawese.

Usilipeleke kwa kushtukiza na usiliache mlangoni. Siku ya kliniki ya mama muulize nesi ni nani anasimamia kinga na udhibiti wa maambukizi pale. Kila hospitali na kituo cha afya kina taka zake chenyewe za sindano, kwa hiyo kinapaswa kuwa na njia ya kuziteketeza. Mwambie maneno matatu anayotaka kusikia: ni sindano za insulini za nyumbani, zimo kwenye chombo kigumu, kimefungwa hakitafunguliwa tena. Wengi wanaokataliwa wamekwenda na mfuko wa rambo, na mwenye zamu ya taka ana haki ya kukataa huo. Ikishindikana pale, nenda kwa afisa afya wa kata, au jaribu hospitali ya mkoa, Maweni, ukaulize kabla ya kubeba mzigo. Ukipanda bodaboda weka dumu limesimama ndani ya ndoo, usilipakate.

Fundi Rasi

Kwa walio vijijini Uvinza au Buhigwe ambako kituo kiko mbali, kuna njia ya kuzifungia kwenye saruji. Kipimo: saruji 1, chokaa 1, mchanga uliochekechwa 4, maji kidogo kidogo mpaka mchanganyiko uwe mwepesi kama uji. Ukiwa mzito hauingii kati ya mabomba, unaziba juu tu na chini panabaki tupu. Tumia chombo chenye mdomo mpana, kopo la bati ni bora kuliko dumu hapa. Kisiwe kimevuka robo tatu. Mimina kwa awamu, kila awamu gongagonga ubavu hewa itoke, na sukuma kwa kijiti kirefu yanayoelea, usiweke mkono. Juu malizia na vidole vitatu vya mchanganyiko mtupu ili ncha isibaki wazi. Acha siku nzima kabla ya kukigusa.

Kisha zika. Chimba ili juu ya kopo pabaki mita 1 ya udongo, mbali na kisima walau mita 50, na pasiwe bondeni wala mwaloni. Mtu wa Ujiji karibu na maji asitumie njia hii, apeleke kituoni.

Bandarini

Nimekuelewa Afya Mazingira, nitaacha kuwaambia watu choo. Na mtoto akishachomwa tayari?

Zamu ya Usiku

Osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue damu, usinyonye, usipake Jiki wala spiriti. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri dalili. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinaanzwa mapema iwezekanavyo na zisizidi saa 72, zinamezwa siku 28, na zinatolewa kupitia kliniki za CTC (za huduma na matibabu ya VVU). Pale pale ulizia chanjo ya homa ya ini B na ya pepopunda, uende na kadi ya kliniki ya mtoto. Ukiiona sindano yenyewe usiishike kwa vidole: ichukue kwa koleo au vijiti viwili, lisogeze dumu karibu nayo, si sindano kuipeleka dumuni.

Mwanaujiji

Nashukuru sana wote. La mwisho, vichupa vya insulini vilivyoisha navyo viingie dumuni?

Afya Mazingira

Hapana. Ni kioo, na kioo kilichofungwa kikiingia kwenye kichomea taka kinaweza kupasuka na kumrukia anayechochea. Viweke kwenye kopo lake, ulikabidhi kando na dumu, uwaambie ni vichupa.