Naomba ushauri: istilahi za anga kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza

Habari zenu wakuu. Naandaa karatasi ya istilahi takribani 40 za anga kwa klabu ya sayansi. Nyingi hazina shida: mhimili, obiti, kundinyota, setilaiti, darubini. Nimekwama kwenye tatu.

Kwanza, kimondo. Neno hilo hilo hutumika kwa jiwe likiwa bado angani, kwa mwako linapopita kwenye angahewa, na kwa kipande kinachofika ardhini, kama kile cha Mbozi, Tanzania, ambacho karibu asilimia 90 ni chuma. Mwanafunzi akiambiwa "kimondo huungua kikaisha", atauliza cha Mbozi kilisalimikaje, na ana haki. Nafikiria "jiwe la anga", "kimondo" na "mawe ya kimondo", kwa mfuatano huo. Mnaonaje?

Pili, majina ya sayari. Zipo orodha zinazoita Zohali (Saturn) "Sarateni", jina linalofanana mno na Saratani, yaani kundinyota la Kaa. Utaridi (Mercury) nayo huitwa Zebaki, ambalo pia ni jina la metali. Mimi naegemea Utaridi na Zohali, ila mitihani je?

Tatu, mwaka wa nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Ukiutaja bila kipimo, darasa zima huudhani ni muda. Nimeweka kilomita trilioni 9.46, lakini tarakimu hiyo haishikiki. Je, nianze na nuru ya Jua, inayotufikia kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi, ndipo nipande hadi mwaka?

Walimu wa fizikia na jiografia, nisaidieni.