Samoni waliohesabiwa kila wiki kijitoni: jumla ya msimu inapatikanaje?

Kijito_BC
Habari wakuu. Ni kijito cha samoni aina ya sokai (huingia kutaga kisha hufa) huku British Columbia, Kanada, unaweza kukipita chote kwa miguu kwa siku moja. Hesabu za samaki hai kila baada ya siku 7: 0, 120, 560, 840, 300, 0. Mmoja ananiambia niandike 840 kwa sababu ndicho kilele, mwingine anasema nijumlishe zote, yaani 1,820. Nani yuko sahihi?

Mpima_Mito
Hakuna, mkuu. Ukichukua kilele unawaacha waliokufa kabla yake na waliofika baadaye. Ukijumlisha, samaki anayekaa kijitoni siku 12 mara nyingi utamkuta kwenye mizunguko miwili ya kuhesabu, kwa hiyo umemhesabu mara mbili.

Chora grafu, tarehe chini na idadi ubavuni, kisha tafuta eneo lililo chini ya mstari. Kwa kila nafasi kati ya mizunguko miwili, jumlisha hesabu mbili, gawa kwa 2, zidisha kwa siku zilizopita. Kwako inatoka 420 + 2,380 + 4,900 + 3,990 + 1,050 = 12,740. Hizo ni samaki-siku, bado si samaki. Gawa kwa wastani wa siku ambazo samaki mmoja huishi kijitoni. Tukisema 12, unapata kama 1,062. Kisha gawa kwa sehemu ya samaki ambao jicho lako linawaona. Ukiona robo tatu, 1,062 ÷ 0.75 ni kama 1,416.

Ugumu wote uko kwenye hizo namba mbili za mwisho. Badilisha 12 iwe 10 tu, jibu linaruka hadi karibu 1,700. Usiazime siku za kuishi kutoka mto mwingine kama una njia ya kuzipima: weka alama samaki wanaoingia, tarehe tofauti rangi tofauti, kisha fuatilia wanaonekana hadi lini. Weka alama mwanzoni, katikati na mwishoni mwa msimu, kwa sababu wanaotangulia kwa kawaida hukaa muda mrefu kuliko wanaochelewa.

Kijito_BC
Asante sana mkuu. Na ile 0.75 inapimwaje? Halafu mvua ikinizuia wiki moja?

Mpima_Mito
Ziba kipande cha kijito kwa nyavu juu na chini, kihesabu kwa macho kama kawaida, kisha vua wote walio ndani ulinganishe. Fanya hivyo penye maji mafupi na penye vidimbwi virefu pia, maana chini ya magogo macho hupoteza wengi. Miwani ya kukata mng'ao ni lazima. Panda kuelekea juu ya mto, tope unalotibua libaki nyuma yako.

Wiki moja ikikosekana pembezoni mwa msimu si msiba. Ikikosekana karibu na kilele, mstari ulionyooka utakatiza kilele chenyewe na jumla itakuwa ndogo. Una bahati kuwa na sifuri pande zote mbili. Wengi huanza kuhesabu samaki wameshaingia.

Mizoga_na_Alama
Ukiwa na watu wa kutosha, hakikisha kwa njia ya pili. Tia alama samaki hai, baadaye kagua mizoga. Mfano: alama 300, mizoga 400, yenye alama 48. Kanuni ya Chapman ya kukadiria jumla (ongeza 1 kwa kila namba kwanza): 301 × 401 ÷ 49, toa 1, unapata kama 2,462. Alama zikichomoka, mizoga yenye alama inapungua na makadirio yanavimba bila wewe kujua. Kwa hiyo toboa pia tundu dogo kwenye kifuniko cha matamvua, hilo halidondoki. Mzoga ukishakaguliwa ukate mkia, vinginevyo wiki ijayo utauhesabu upya. Na usiokote ile mikubwa iliyo kingoni peke yake. Madume madogo husombwa na maji mapema.

Mnara_na_Uzio
Kwa kijito kidogo hivyo, mimi ningeweka uzio wenye mlango mmoja wa kuhesabia, maana kila kinachopita unakiona. Ila ni kazi ya kila siku: majani ya vuli yakiziba fito, maji yanapanda na kuupita uzio juu, na samaki nao. Siku hizo ziandike kuwa hazina hesabu. Usiandike sifuri.

Mito mikubwa yenye maji maangavu, kama ile ya Bristol Bay kule Alaska, hutumia minara: mtu anahesabu dakika 10 kila saa kwa kila ukingo, kisha inazidishwa kwa 6. Inawezekana kwa sababu sokai hupanda wakifuata kingo. Wanaorudi chini hutolewa. Maji yakiwa ya tope, kama mto Yukon, hutumika sona, kifaa kinachotambua samaki kwa mwangwi wa sauti, na hiyo inahitaji nyavu za majaribio pembeni kwa sababu mwangwi peke yake hautoshi kukuambia ni samoni wa aina gani.

Kijito_BC
Uzio kwa mwaka huu nimechelewa. Alama za rangi kwa tarehe nitaanza nazo msimu ujao. Je, samaki 30 kila awamu wanatosha?

Mpima_Mito
Kwa siku za kuishi, wanatosha kuanzia, mradi uwapitie kila siku mbili au tatu. Ukiwaangalia mara moja kwa wiki, kosa la siku kadhaa kwenye 12 ni kubwa mno.