Malengelenge ya mwanangu si mafuta ya korosho. Nimsikilize nani?

MamaNaliendele
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nipo Mtwara, nina mtoto wa kiume wa miezi 7. Tangu wiki ya kwanza anatoka malengelenge mikononi, magotini, kisiginoni, popote panapoguswaguswa. Nikimbeba kwa mbeleko hadi sokoni, nikimshusha nakuta ngozi ya mapajani imeinuka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

Mimi nabangua korosho. Kila aliyemwona alisema namshika na mafuta ya maganda bila kunawa. Nikaacha kazi miezi 2, malengelenge hayakuacha. Jirani akasema namchoma mtoto, na neno hilo limeshazunguka mtaa mzima. Mwezi uliopita daktari akaandika kwenye daftari la kliniki: epidemolisisi bulosa. Akasema ni ya kurithi na haiambukizi. Foleni ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuuliza zaidi.

Nikanunua bando, nikatafuta. Nikakuta picha za watoto wa Kizungu wenye vidonda mwili mzima, nikalia hadi alfajiri. Kuna mtu anauza mafuta ya "kumaliza kabisa" kwa shilingi 80,000, nimefikia kutaka kuuza simu. Nishaurini.

MuuguziMstaafu_Lindi
Marahaba mwanangu, pole sana. Simu usiuze. Ugonjwa huu uko kwenye vinasaba: protini zinazoshikilia tabaka za ngozi ni dhaifu au hazipo, na hakuna mafuta yanayorekebisha hilo. Mafuta ya korosho humuunguza yeyote pale yalipogusa. Ngozi ya mwanao inainuka hata kwa mshono wa nguo. Kawaambie hivyo wanaokusema.

Mbeleko iache kwanza. Usimnyanyue kwa makwapa. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya shingo, au umwinue pamoja na kamto anacholalia. Nguo zigeuze, mishono ikae nje, lebo kata. Lengelenge usiliache, kwa ugonjwa huu hujitanua lenyewe. Litoboe upande wa chini kwa sindano mpya ya hospitali, maji yatoke, lakini ngozi ya juu usiibandue. Weka shashi (gozi) safi yenye Vaseline, kisha bandeji juu yake. Plasta ya kunata isimguse kabisa. Mara ya kwanza omba wauguzi wakuoneshe kwa vitendo, usianze peke yako.

Mmasasi
Kuna mizizi bibi yangu alikuwa anachemsha, anamwogeshea mtoto siku 7...

MuuguziMstaafu_Lindi
Hapana baba. Bibi alikuwa na nia njema, lakini ngozi iliyo wazi inanyonya kila kitu, na huyu ni mtoto wa miezi 7.

KijanaWaMoshi
Dada, nilisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Hizo picha zisikuvunje moyo, maana ugonjwa huu una makundi makuu 4. Malengelenge ya simpleksi mara nyingi hupona bila kovu. Distrofiki huacha makovu, na vidole vinaweza kushikana. Kwa mtoto mdogo huwezi kujua aina kwa macho tu, hupimwa kwa kipande kidogo cha ngozi au kwa vinasaba. Kwa hiyo rudi na swali hili: ni aina gani, na kama hapa haijulikani, nipelekwe wapi?

Jambo jingine ambalo maandishi mengi hayasemi. Kidonda kikiingia wadudu, wanaandika "ngozi huwa nyekundu". Kwa ngozi yetu wekundu unaweza kuonekana zambarau au kijivu, au usionekane kabisa. Wewe gusa usikie joto, angalia uvimbe, usaha, nusa harufu. Akipata homa, nenda siku hiyohiyo.

Kusoma, anza na DermNet, tovuti ya magonjwa ya ngozi ya New Zealand, ipo tangu 1996 na haina malipo. Ni ya Kiingereza, tafuta wa kukusomea. DEBRA ya Uingereza, shirika la kusaidia wenye ugonjwa huu, ilianzishwa 1978 na Phyllis Hilton, mama ambaye binti yake alikuwa na ugonjwa huuhuu. Utafiti upo. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa mtoto wa miaka 7, mkimbizi kutoka Syria, alipandikizwa huko Ujerumani ngozi iliyokuzwa maabara, karibu asilimia 80 ya mwili. Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli iitwayo Vyjuvek kwa aina ya distrofiki. Bei yake haigusiki, lakini ona: inataja aina ya ugonjwa na imejaribiwa kwa wagonjwa. Huyo wa 80,000 muulize mafuta yake ni ya aina ipi.

BintiMikindani
Mimi ninao huo, simpleksi. Nina miaka 31, siku hizi ni nyayo tu, na joto la Novemba ndilo linanitesa. Mama yangu aliambiwa alikanyaga nyoka akiwa na mimba yangu. Hadi leo akinifunga bandeji ananiomba msamaha. Dada, hukumfanyia mwanao lolote. Daftari la kliniki mpelekee mwenyekiti wa mtaa alione kwa macho yake, maneno ya jirani yaishie hapo.

MamaNaliendele
Nimewasoma mara 3, baba yake naye kasoma. Jana nimegeuza nguo zote na kukata lebo. Leo shingoni hakuna jipya. Alhamisi narudi kliniki, swali la aina nimeliandika nyuma ya daftari.

MuuguziMstaafu_Lindi
Beba na kamto kake, mwanangu. Mabenchi ya kliniki ni magumu.