Mnaosema "Linux inaingia popote", njooni mniambie imeingiaje kwenye hiki kiboksi

Wakuu salamu, ingawa leo nina hasira.

Nina kiboksi cha TV, vile vya Kariakoo. Chipu ni S905W, kori nne, biti 64, kinakula volti 5 tu. Nikasema nitoe Android nitie Armbian, yaani Linux iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi ndogo, kiwe seva ndogo ya mafaili ya dukani. Jamaa mmoja humu akanijibu mstari mmoja: "Flashi kwenye kadi, chomeka, kwisha habari." Yaani andika Armbian kwenye kadi ya memori, basi. Mkuu, siku ya nne leo na habari haijaisha.

Kwanza, ili kiboksi kiwake kwa kusoma kadi (kibuti) unaingiza kijiti cha meno kwenye tundu la AV, unapapasa kitufe kilichofichwa mle ndani, unakibana, halafu huku umekibana ndo unachomeka umeme. Mikono miwili haitoshi, mdogo wangu ndiye ananishikia waya. Mara ya sita kikakubali. Kioo cheusi tii.

Nikakifungua, nikaunga nyaya tatu kwenye bodi nisome kinalalamika nini. Kumbe keneli, ule moyo wa Linux, imesimama inasubiri kadi ya memori, ile ile iliyobutia! Kwenye PC ya kawaida BIOS, programu ya kwanza kuwaka, inaikabidhi keneli orodha ya vifaa, na vya USB na PCI vinajitaja vyenyewe. Kwenye hivi vyenye chipu za ARM, kama hii yangu, hakuna orodha hiyo. Lazima uipe keneli faili la dtb, yaani ramani ya bodi: kadi inapita wapi, LAN (mtandao wa waya) iko pini zipi, kila kitu. Ukiipa ramani ya bodi ya jirani, inatafuta mlango ukutani. Na kiwanda kilichotengeneza hiki kidude ramani yake hakijatoa popote.

Kwa hiyo ni kubahatisha. Nimejaribu ramani ya bodi iitwayo p281, chali. Toa kadi, hariri extlinux.conf (faili la kuchagua ramani), rudisha kadi, kijiti, mdogo wangu, umeme. Ya tx3-mini ndo ikawaka na LAN ikapanda. Nikapiga "free -m" nione RAM, nikaishiwa nguvu: MB 900 na ushee. Boksi limeandikwa GB 2! Android nayo ilikuwa inasoma GB 2 siku zote, yaani wameichakachua iseme uongo. WiFi ndo usiulize, chipu ni SSV6051 na keneli rasmi haina drayva yake, yaani programu ya kuiendesha.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kiboksi kilikuja na keneli 3.14, ya mwaka 2014. Hiyo ni Linux, ipo chini ya leseni ya GPL toleo la 2, anayekuuzia kifaa chenye keneli hiyo anatakiwa akupe na sosi kodi yake (maandishi ya programu yenyewe) ukiitaka. Nimewaandikia wenye kiwanda kwa anwani iliyo kwenye boksi. Wamenijibu kwa kunitumia bei ya kiboksi kipya.

Watu wa Armbian siwagusi, wao wameshasema wazi viboksi vya TV hawavisapoti, ni watu tu wanajitolea. Nagombana na nyie wa "kwisha habari", ambao najua hamjawahi kushika hicho kijiti.

Mwenye drayva ya SSV6051 inayokubali keneli za sasa aiweke hapa. Na anayetaka kuniambia ninunue Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, aanze kwa kutuma hela.