Xi'an wikendi moja: askari wa udongo au makumbusho ya mjini?

Mgeni_Wuhan: Habari zenu wadau. Nasoma Wuhan, na mwezi ujao nitakuwa Xi'an Jumamosi na Jumapili tu. Kila mtu ananiambia nikaone askari wa udongo wa Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China, lakini wako Lintong, nje ya mji, naona siku nzima itaishia huko. Mjini kuna Makumbusho ya Historia ya Shaanxi, ukuta, msikiti mkongwe na Beilin, makumbusho ya mawe yenye maandishi. Mliofika huko mnashauri nini?

Mkwaju: Lintong kwanza, mkuu. Shimo namba 1 la askari hao lina urefu wa mita 230 hivi, na picha hazionyeshi hata robo ya ukubwa wake. Wakulima waliligundua mwaka 1974 wakichimba kisima, na hadi leo askari wengi bado wamefukiwa. Walipakwa rangi, na wakifukuliwa rangi hukauka na kubanduka ndani ya dakika chache, ndiyo maana wataalamu hawana haraka. Kaburi lenyewe la mfalme, aliyefariki mwaka 210 KK, halijafunguliwa kabisa. Uwe mlangoni asubuhi na mapema, maana vikundi vya watalii vikishaingia hupati nafasi ukingoni.

Bi Sharifa: Kaka Mkwaju, umati huo ndio unaonifanya nimshauri Hanyangling, kaburi la mfalme Jing wa enzi ya Han, upande wa uwanja wa ndege. Makumbusho yake yako chini ya ardhi, unatembea juu ya vioo huku mashimo yako miguuni pako. Sanamu zake ni ndogo, hazifiki hata kiunoni, na hazina mikono kwa sababu mikono ilikuwa ya mbao na nguo za hariri, vyote vikaoza. Kuna makundi ya mbuzi, nguruwe, mbwa na kuku wa udongo. Qin Shi Huang alizikwa na jeshi. Huyu alizikwa na zizi na jiko, na mimi hapo ndipo nilipoona maisha ya watu. Watu ni wachache, unasimama upendavyo.

Msomaji wa Ujiji: Mimi nasema Shaanxi. Kuingia maonyesho ya kawaida ni bure lakini lazima uweke nafasi mtandaoni kwa pasipoti siku kadhaa kabla, na wikendi zinaisha upesi. Usikose hazina ya Hejiacun iliyofukuliwa mwaka 1970: vyombo vya dhahabu na fedha vya enzi ya Tang, pamoja na sarafu za Bizanti, Uajemi na Japani katika hazina moja! Hapo utaelewa Chang'an, yaani Xi'an ya zamani, ulikuwa mji wa namna gani.

Mgeni_Wuhan: Asanteni sana. Na msikiti je? Mimi ni Mwislamu, ningependa kuswali pale.

Bi Sharifa: Nenda, mdogo wangu. Hauna kuba wala mnara kama wa kwetu; mnara wake ni jengo la mbao la pembe nane lenye paa za Kichina. Majengo mengi ni ya enzi ya Ming. Nyua zinafuatana kuelekea magharibi, maana kibla iko huko, na watalii hawaingii ukumbi wa swala, kwa hiyo ndani kuna utulivu. Ukitoka, mtaa mzima ni wa Wahui, Waislamu wa Kichina, chakula ni halali.

Mkwaju: Basi Jumamosi Lintong, Jumapili Shaanxi asubuhi na adhuhuri msikitini. Jioni kodi baiskeli juu ya ukuta, mzunguko ni kilomita 13 na ushei. Beilin ina lile jiwe la mwaka 781 linaloeleza Ukristo ulivyofika China, lakini kwa wikendi moja ningeiacha.

Msomaji wa Ujiji: Hiyo naikubali. Ila weka nafasi ya Shaanxi kabla hujakata tiketi ya treni, na ukiikosa, nenda Hanyangling ya Bi Sharifa.