Skopu ya bunduki (darubini ya kulengea) imeota kama utando wa buibui ndani ya lenzi, naiokoaje?

Kijana_Rungwe
Habari zenu wakuu. Niko Tukuyu, nafanya kazi na wawindaji upande wa Chunya na msimu ukiisha narudi nyumbani. Bunduki inabaki ghalani kwa kampuni ila skopu ni yangu, niliachiwa na mzee, kwahiyo huwa naivua naondoka nayo. Safari hii niliiweka kwenye kesi yake ya ngozi nikaifungia kabatini tangu masika inaanza, na mvua ya huku mnaijua. Juzi naitoa naona kwenye lenzi ya mbele vijiuzi vyeupe vimetambaa kutoka pembeni, nimefuta nje wapi, viko ndani. Jirani anasema niianike juani kutwa nzima, mwingine anasema nimpe fundi saa aifungue. Naombeni ushauri kabla sijaharibu, hii kitu kwangu ina thamani kuliko hela.

FundiLenzi_Mwanjelwa
Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni kuvu, nakutana nayo kwenye kamera na darubini karibu kila mwaka mvua zikikatika, na nyingi zinatoka huko kwenu Rungwe. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 70 muda mrefu, gizani, hewa haitembei, kuvu inaota, na kesi ya ngozi ndo mbaya kabisa kwasababu ngozi inanyonya maji na yenyewe ni chakula cha kuvu. Hatari yake sio kuziba tu, inatoa asidi inakula mpako wa lenzi na baadae kioo chenyewe, ukichelewa hata ikisafishwa alama inabaki.

Juani usiweke tafadhali. Jua likiingia kwenye lenzi ya mbele linakusanyika ndani, linaweza kuunguza ule msalaba wa kulengea. Na fundi saa usimpe. Skopu nyingi zimejazwa gesi kavu, naitrojeni au agoni, zimezibwa na oringi (pete) za mpira, ukifungua gesi imetoka na hewa yetu yenye maji imeingia, labda awe na vifaa vya kujaza upya. Kuna mteja aliniletea yake imeshafunguliwa na mtu, kila asubuhi inajaa ukungu ndani, iliniuma maana kioo kilikuwa kizima kabisa. Na kama yako imeota kuvu ndani basi oringi zimeshachoka, hiyo ni kazi ya mtengenezaji au karakana ya vifaa vya macho, ulizia Dar. Kwa sasa iweke mahali pakavu, kuvu haitatoka ila itaacha kukua.

Askari_Idodi
Kamwene wakuu. Huku kwetu njia ya Ruaha adui ni vumbi, na vumbi linaua lenzi haraka kuliko kuvu ila watu hawaoni kwasababu ni kidogo kidogo. Mtu anashuka kwenye gari anachukua ncha ya shati anafuta, kumbe lile vumbi lina mchanga wa kwazi (quartz) ambao ni mgumu kuliko mpako, kila akifuta anachora. Na huo mpako ni mwembamba mno, tabaka moja ni kama sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, walianza nao 1935 na kazi yake ni kuzuia mwanga usirudi, kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 kila uso, skopu ina nyuso kumi na kitu, bila mpako theluthi ya mwanga inapotea na jioni ndo unauhitaji.

Mimi kwanza napuliza na kile kipulizio cha mpira cha mafundi simu (mdomo unatoa mate), halafu brashi laini, halafu ndo natia pumzi kidogo nafuta na kitambaa cha miwani kisafi kutoka katikati kwenda nje. Alama ya kidole ikigoma tone la dawa ya lenzi kwenye kitambaa, sio kwenye kioo. Mafuta ya bunduki yasiguse lenzi, na ile dawa ya madirisha yenye amonia msitumie hata siku moja. Ikiwa safi iache, siku nzima vifuniko viwe vimefunika lenzi.

DadaKitulo
Naongezea kutoka huku juu, natembeza wageni na darubini na baridi ya Juni Julai mnaijua. Usitoke nje na kitu cha baridi ukakipeleka jikoni kwenye moto, kinalowa palepale. Mimi naacha ndani ya begi lililofungwa kama saa nzima mpaka kizoee joto ndo nafungua.

Kijana_Rungwe
Ndaga fijo wote. Kesi ya ngozi nimeitoa leo. Fundi, vile vipakiti vya silika vya kwenye viatu vinafaa?

FundiLenzi_Mwanjelwa
Vinafaa vikiwa vipya, vya zamani vimeshashiba maji. Bora ununue punje zinazobadilika rangi, weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na skopu, zikibadilika zikaushe kwenye moto mdogo urudishe. Za bluu zina kobalti ni sumu, usikaushie kwenye kikaango cha chakula. Na kila wiki mbili fungua ndoo uimulike skopu kwa tochi, kuvu ikianza inaonekana pembeni kabla haijafika katikati.